Haki ya Kibarua kwa Atakaye Kufungua Kiwanda

Katika vitabu vya fikihi vinavyosomeshwa katika darasa zetu, mlango wa ijara huja baada ya milango ya kuuza na kununua, na wengi katika wasomao huupita mbio. Wao hudhani ya kuwa ni mlango wa kukodi nyumba na punda, mambo ambayo kila mtu ayajua. Ni kweli nyumba na punda wamo humo. Lakini yumo na mtu pia, yule akodishaye nguvu zake kwa siku au kwa mwezi, na hukumu zake ni nzito kuliko hukumu za nyumba, kwani nyumba haioni njaa wala haina watoto.

Sababu ya kuuleta mlango huu leo ni suala tuliloletewa na ndugu zetu wafanya biashara, watu wa nafaka na mboga hapa mjini. Wao wameazimia kukusanya mtaji wafungue kiwanda cha kukausha mboga na kuzitia katika mikebe huko Ndabibi, na wametuuliza: Je, dini yawataka nini juu ya vibarua zaidi ya kuwalipa kile walichopatana nao? Suala ni zuri, na kuuliza kabla ya kujenga ni bora kuliko kuuliza baada ya kushitakiwa. Lakini twaona ya kuwa shida yote imo katika hilo neno "walichopatana", na kwa hiyo somo letu litarefuka kidogo.

Kwanza tuijue Ndabibi yenyewe, kwani wengi wetu twaijua kwa jina tu. Iko upande wa magharibi wa Ziwa Naivasha, chini ya milima ya Eburru, katika Kaunti ya Nakuru. Zamani za walowezi nchi ile ilikuwa ranchi ya ng'ombe ya Mzungu mmoja, Gilbert Colvile. Leo wamo wakulima wadogo wadogo walimao mahindi, maharagwe, viazi, kabeji, vitunguu na nyanya. Mwenye kuuza mboga katika soko la Kongowea aijua taabu ya mazao hayo: yakikosekana bei hupanda, na yakiiva yote pamoja hushuka hata mkulima akaona heri yaoze shambani kuliko kulipia gari. Basi kiwanda kingekuwa na manufaa kwa mkulima, kwa mlaji na kwa mwenye mtaji, na sisi hatusemi neno la kumvunja mtu moyo. Tena makontena yalipoanza kulazimishwa kwenda bara kwa treni, na reli mpya ikafika pande za Mai Mahiu, karibu na Naivasha, Oktoba 2019, wenetu wengi wa malori na maghala waliziona riziki zao zikipanda bara pamoja na mizigo. Si ajabu mtu wa pwani kutaka kuifuata biashara kule ilikokwenda.

Ndugu hao wametuandikia pia ya kuwa huko "vibarua ni rahisi". Neno hili wamelisema kama mtu asemavyo ya kuwa huko mvua ni nyingi au udongo ni mweusi, kana kwamba urahisi wa binadamu ni tabia ya nchi. Lakini urahisi huu una tarehe zake. Wamasai waliondolewa katika malisho ya Bonde la Ufa kwa mapatano ya 1904 na ya 1911. Mwaka 1918 ilitungwa sheria iliyomtaka mwenyeji akaaye katika shamba la mlowezi amfanyie kazi mwenye shamba si chini ya siku 180 katika mwaka. Tangu 1920 mwanamume Mwafrika alitembea na kipande kimening'inia shingoni ndani ya kikebe cha bati, na katika kipande hicho mwajiri aliandika alipotoka na lini aliruhusiwa kuondoka. Asiye na kipande au aliyeacha kazi bila ya ruhusa alitiwa ndani. Kwa njia hizi mtu alifanywa rahisi.

Wala hayakuisha na ukoloni. Mwaka 1993 watu kwa maelfu walifukuzwa Enoosupukia katika ghasia za kikabila wakakimbilia Maiella, jirani ya Ndabibi, wakakaa katika mahema. Januari 2008, baada ya uchaguzi uliogombaniwa, watu waliuawa Naivasha na wengine wakafukuzwa kwa sababu ya makabila yao, na wengi katika hao walikuwa wafanyakazi wa mashamba ya maua waliotoka mbali kutafuta riziki. Mtu aliyefukuzwa kwake, asiye na shamba wala mbuzi, husimama mlangoni pa kiwanda alfajiri na hukubali kila atakachoambiwa. Bwana wa kiwanda huita jambo hili bei ya soko.

Na sisi watu wa pwani tusijione ya kuwa twawatazama walowezi kutoka juu. Mashamba ya Malindi na ya Takaungu yalilimwa na watumwa, hata utumwa ukafutwa kisheria katika pwani hii mwaka 1907, na waliowamiliki walikuwa watu wa kusali na kufunga. Wengi wao hawakuona ya kuwa wamefanya kosa. Kwa hiyo mtu akituambia ya kuwa kiwanda kitakuwa cha haki kwa sababu wenyewe ni Waislamu, twamwomba atupe hoja nyingine.

Sasa turejee katika ijara. Wanazuoni wetu wa madhehebu ya Shafii wamesema ya kuwa ijara haisihi ila ujira ujulikane, kazi ijulikane, na muda ujulikane, na pande zote mbili ziridhie. Mfano mwema kabisa umo katika Sura ya Qasas, katika kisa cha Nabii Musa na mzee wa Madyan. Musa alikuwa mkimbizi: hana kwao, hana mali, anaandamwa na serikali. Mzee angeweza kumwambia neno lolote naye angelikubali. Lakini alimtajia muda, miaka minane. Akamwambia ya kuwa ikizidi hata kumi hiyo ni hisani yake Musa. Na akambainishia ya kuwa hataki kumtia katika mashaka. Tazama basi: mwenye nguvu katika mapatano yale ndiye aliyejiwekea mpaka mwenyewe, kabla mnyonge hajaomba.

Ama ridhaa ya mwenye njaa, hiyo yataka kutazamwa vizuri. Katika Muwatta ya Imamu Malik yamo masimulizi ya watumwa wa Hatib waliomwiba ngamia wa mtu wa kabila la Muzayna wakamchinja. Walipoletwa mbele ya Sayyidna Umar, karibu wapewe adhabu ya wizi, lakini Umar akamgeukia bwana wao akamwambia ya kuwa anamwona ni mtu awatiaye njaa watu wake. Kisha akauliza bei ya ngamia. Alipoambiwa dirhamu mia nne, akamlipisha Hatib mia nane. Kosa lilifanywa na mikono ya wenye njaa, na fidia ikatoka katika mfuko wa aliyewatia njaa. Leo viwandani mtu akiiba mkebe mmoja huitwa askari. Hapana aitazamaye karatasi yake ya mshahara.

Wataalamu wana neno "ujratul mithli", yaani ujira wa mfano, ule apewao mtu kwa kazi mithili ya hiyo pindi mapatano yakiharibika. Twaona ya kuwa neno hili lafaa kuwa kipimo chetu hata kabla ya mapatano kuharibika: si kile alichokubali yule mwenye dhiki kuliko wote langoni, bali kile ambacho mtu mwenye hiari angekikubali kwa kazi hiyo.

Ndugu zetu watasema: "Basi tutalipa kima kilichowekwa na serikali, na mambo yamekwisha." Hapana, hayakwisha. Katika amri ya Mei 2022 kima cha chini cha kibarua wa kawaida wa Mombasa na Nairobi kiliwekwa shilingi 15,201 na senti kwa mwezi; na cha kibarua wa shamba asiye na ujuzi kikawekwa shilingi 7,544 na senti. Kima kimepandishwa tena tangu hapo, lakini umbo la hesabu ni lile lile: kadiri mtu atokavyo mjini ndivyo kimo chake kinavyopunguzwa, na wa shamba ndiye wa mwisho. Ndabibi ni mashambani. Kiwanda kikijengwa kando ya shamba, mwenyewe atajaribiwa kuwaandika wamenyao nyanya na wafungao mikebe kuwa ni watu wa shamba, awalipe nusu. Mkono ule ule, kisu kile kile, saa zile zile. Kilichobadilika ni jina katika daftari. Tena unga, mafuta na sabuni katika duka la Ndabibi haviuzwi kwa nusu ya bei ya Mombasa. Baadhi ya vitu hupanda kwa sababu ya nauli.

Na hapa ndipo tufikapo katika kiini cha jambo. Haki ya kibarua huamuliwa mapema kabisa, kabla ya jiwe la msingi, siku ile wenye mtaji wanapokaa kupiga hesabu. Desturi ya wengi ni kuanza na mashine, kwa kuwa bei yake haipungui. Kisha jengo, umeme, magari, kodi, na faida wanayoitaka. Na kinachobaki chini kabisa ndicho wanachokiita ujira. Wakifanya hivyo, dhulma imekwisha kuandikwa, na mnyapara hataweza kuifuta hata akiwa mtu mwema namna gani. Twawashauri waanze upande wa pili. Waulize: mtu na watoto wake watatu, Ndabibi au Kongoni, hula nini kwa mwezi, hulipa nini kwa chumba, maji, mafuta ya taa, skuli na dawa? Waandike ujira huo katika mstari wa kwanza, kisha watazame kama kiwanda kitasimama. Kikisimama, wajenge. Kisiposimama, basi faida waliyoitarajia ilikuwa imo ndani ya chakula cha watoto wa watu, na ni heri mtaji wao wautie katika jambo jingine.

Zipo hoja mbili zinazoletwa daima dhidi ya maneno haya. Ya kwanza ni kwamba afadhali shilingi kidogo kuliko kukosa kabisa. Hoja hii haijibiki upesi, kwani mwenye njaa mwenyewe huisema. Lakini tuangalie: asemaye "kidogo ni bora kuliko kukosa" ametulinganisha na njaa, hakutulinganisha na haki. Kama kiwanda chaweza kulipa zaidi na kikakataa, basi njaa ya yule mtu imegeuzwa ni mtaji wa kiwanda, na mwenye mtaji huu hapewi gawio.

Hoja ya pili ni kwamba ukilipa zaidi, jirani yako atalipa kidogo na kukushinda bei. Kuna mfano wa karibu. Ethiopia ilifungua uwanja mkubwa wa viwanda vya nguo Hawassa mwaka 2016, na kampuni za nje zikavutwa kwa ujira mdogo; taarifa ya Chuo Kikuu cha New York ya 2019 ilieleza ya kuwa mshahara wa mwanzo ulikuwa dola 26 tu kwa mwezi. Matokeo yake ni kuwa wafanyakazi waliacha kazi kwa wingi sana, hata katika mwaka wa kwanza idadi ya walioondoka ikakaribia idadi ya wote walioajiriwa. Kila aliyeondoka aliondoka na ujuzi aliofundishwa, na mgeni akaanza upya kuharibu nguo. Ujira mdogo ulilipwa mara mbili.

Sasa tuje katika neno kibarua. Asili yake ni kijibarua, karatasi ndogo waliyopewa wapagazi na watumwa waliokodishwa kwa siku ili kuonyesha ya kuwa wamefanya kazi. Wazee wetu wa Mombasa waijua hali hiyo: kusimama bandarini kukipambazuka, kuchaguliwa au kuachwa kama samaki gengeni. Januari 1947 watu wapatao 15,000 wa mji huu, wa bandarini, relini na mahotelini, waliacha kazi kwa karibu wiki mbili, na moja katika mambo yaliyowachosha lilikuwa hilo la kutojua kama kesho wana kazi. Baada ya mgomo huo na wa 1955, makuli wa bandari walianza kufanywa watu wa mwezi. Itakuwa ni jambo la aibu ikiwa wajukuu wa makuli hao watakwenda Ndabibi kuwatendea wengine yale ambayo babu zao waliyakataa.

Sheria ya Kazi ya Kenya ya mwaka 2007 yasema ya kuwa kibarua wa siku alipwe mwisho wa siku hiyo; na ya kuwa akifanya kazi mfululizo kwa siku zifikazo mwezi, au akipewa kazi isiyoweza kwisha chini ya miezi mitatu, basi ageuka kuwa mwajiriwa wa mkataba, mwenye haki ya notisi, ya siku moja ya mapumziko katika kila saba, na akitimiza mwaka, likizo ya siku 21 za kazi yenye malipo. Wajanja wameitafutia hila. Humwambia mtu apumzike siku chache kabla mwezi haujatimia, kisha humwandika tena kwa jina lile lile kana kwamba hawamjui. Katika fikihi twajua habari za hila: mtu ampaye mkewe mali yake mwezi wa kumi na moja ili zaka isimfike, kisha mwezi wa kwanza akairudisha. Sisi tuliojifunza kuicheka hila ya zaka tusiione hila ya kibarua kuwa ni akili ya biashara.

Ni kweli ya kuwa kiwanda cha mboga kina msimu wake, na hatuwezi kusema ya kuwa watu mia nne waajiriwe mwaka mzima kumenya nyanya ambazo hazipo. Yafaa kuwe na kundi la kudumu, lenye mkataba na malipo ya mwezi, na kundi la msimu linalojua siku ya kuanza na siku ya kwisha, kama Musa alivyojua. Mashamba ya maua ya Naivasha yana funzo hapa. Maua yale huenda Ulaya, mengi katika mnada wa Aalsmeer nchini Uholanzi, na kabla ya tarehe 14 Februari na Siku ya Mama kazi huongezeka hata saa za ziada zikawa ni lazima kwa jina la hiari. Kisha Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga masoko, maua yalitupwa na maelfu ya wafanyakazi wakatumwa nyumbani. Faida ya Februari ilikuwa ya mwenye shamba; hasara ya Machi ikagawiwa kibarua.

Na ikiwa malipo ni kwa kilo, basi Sura ya Mutaffifin yawahusu wenye kiwanda kama inavyomhusu muuza duka. Mizani iwekwe pahala ambapo amenyaye aiona, na uzito usomwe kwa sauti. Mahala pengine tulipopata kuzuru, mizani ilikuwa imefichwa nyuma ya dirisha dogo, na akina mama walipewa namba tu.

Tuseme kidogo juu ya mwili. Maji ya visima vya pande za Naivasha yana floraidi nyingi, ambayo hugeuza meno ya watoto kuwa ya kahawia, na ikizidi hudhuru mifupa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 katika lita. Kiwanda kitakachosafisha maji kwa ajili ya nyanya zake kisiwaache watu wake wakinywa yale yasiyosafishwa. Bomba moja la ziada si gharama. Wanaoshika mboga zilizopigwa dawa wapewe glavu, viatu vya mpira na sabuni, bila ya kukatwa bei yake katika mshahara.

Na milango! Jambo hili twalikariri kwa makusudi. Tarehe 11 Septemba 2012 moto ulishika kiwanda cha nguo cha Ali Enterprises mjini Karachi, na watu zaidi ya 250 wakafa. Mahakama iliamua mwaka 2020 ya kuwa moto ule uliwashwa na wahalifu waliotaka fedha. Lakini wahalifu hawakuweka vyuma madirishani wala hawakufunga milango ya kutokea. Hayo yalifanywa na kiwanda, kwa hofu ya kuibiwa nguo. Wiki chache kabla ya hapo kiwanda kile kilikuwa kimepewa cheti cha kimataifa cha kuwatendea wema wafanyakazi. Mwenye kiwanda Muislamu, mji wa Waislamu, cheti ukutani. Na mwaka uliofuata, Aprili 24, 2013, jengo la Rana Plaza huko Bangladesh liliporomoka na kuua zaidi ya watu 1,100. Nyufa zilionekana siku iliyotangulia, na watu wakaamrishwa kurudi kazini. Aliyeogopa kukosa ujira wa siku ile aliingia. Ndiyo maana twasema ya kuwa ridhaa peke yake haitoshi.

Juu ya wanawake, ambao ndio watakaokuwa wengi katika kazi ya kumenya na kufunga, Februari 2023 idhaa ya BBC ilionyesha mambo ya mashamba ya chai ya Kericho: zaidi ya wanawake 70 walieleza ya kuwa wanyapara waliwataka miili yao ili wapate kazi au wasiachishwe. Mashamba yale yaliendeshwa na kampuni kubwa, zenye sheria nzuri katika karatasi. Ubovu ulikuwa mmoja: mnyapara mmoja peke yake alikuwa na mamlaka ya kusema "wewe ingia, wewe rudi". Mamlaka haya asipewe mtu mmoja, wala asiachiwe mwanamume peke yake. Awepo mwanamke mwenye cheo wa kupokea mashitaka, asiyekuwa chini ya mnyapara huyo. Na miezi mitatu ya uzazi yenye mshahara kamili, iliyomo katika sheria, isigeuzwe kuwa sababu ya kutowaajiri wanawake walioolewa.

Wengi wa watu wa Ndabibi si Waislamu, na mmoja katika waulizaji ametaka kujua kama hukumu zabadilika. Hazibadiliki. Hadithi ya kumlipa kibarua jasho lake likingali bichi haikutaja dini ya mwenye jasho. Jumapili yao waachiwe kama tutakavyo tuachiwe Ijumaa yetu.

Chama cha wafanyakazi kisiogopwe. Huko Naivasha chama cha KPAWU hukaa meza moja na shirika la waajiri wa mashamba na kupatana mishahara kwa maandishi. Mahali ambapo mdomo umezibwa, malalamiko hutokea kwa njia nyingine: kiwanda cha mananasi cha Del Monte huko Thika kililaumiwa kwa hali ya vibarua wake, na mwaka 1999 watu wa Italia wakaanza kususia mikebe yake pamoja na watetezi wa haki wa Kenya, mpaka mapatano yakafikiwa mwaka 2001. Mikebe hiyo ilikuwa safi, na nanasi lilikuwa tamu.

La mwisho ni siku ya kufunga, ambayo hapana aitajaye siku ya kufungua. Kando ya Ziwa Naivasha lilikuwako shamba la waridi lililoanzishwa na Waholanzi kwa jina la Sher, likauzwa mwaka 2007 kwa kampuni ya Karuturi ya India. Lilikuwa na skuli, hospitali, nyumba na hata timu ya mpira. Deni likalemea, mwaka 2014 benki ikaweka wasimamizi wake, na mwaka 2016 shamba likafungwa, na maelfu ya watu wakabaki wakidai malipo ya miaka yao. Benki ilikuwa na dhamana ya ardhi. Kibarua hakuwa na dhamana ya kitu.

Tumesoma habari za watu watatu waliofungiwa pangoni, na mmoja wao akaokoka kwa amali hii: kibarua wake aliondoka bila ya kuchukua ujira, naye akauzalisha ule ujira hata ukawa mifugo, na alipokuja kuudai akampa yote. Hatuwataki ndugu zetu wafike daraja hiyo. Twawataka tangu mwezi wa kwanza watenge fedha za kiinua mgongo na fidia katika akaunti ya peke yake, isiyowekwa rehani kwa benki yoyote, ambayo haifunguki ila kwa saini mbili, na moja iwe ya mjumbe aliyechaguliwa na wafanyakazi wenyewe. Na makato ya akiba ya uzeeni na ya matibabu yapelekwe mwezi ule ule yalipokatwa. Ni amana, si mkopo wa kiwanda.

Namna ya wenye mtaji wenyewe kugawana faida na hasara, na kama yafaa mkulima wa nyanya apewe hisa badala ya fedha taslimu, hayo yamo katika mlango wa ushirika, nao tutausoma katika toleo lijalo, inshallah.